Siku ya Arobaini na Moja

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hakuna anayesimama bila kusukumwa. Mwalimu Odeta Masele alikuwa amesimama pale dakika kumi, amevaa gauni la kitenge cha bluu na buti nyeusi za mpira, akibishana na muuza samaki juu ya kichwa kimoja.

"Mwalimu, kichwa cha sangara ni cha supu," alisema Mama Agutu, kisu mkononi. "Nikikupasulia kinaiva haraka."

"Sitaki kiive, mama. Nataka matamvua yabaki mazima. Kisu kikiyagusa, sichukui."

"Haya makubwa! Unapika nini usichotaka kiive?"

"Sipiki. Nafundisha."

Mtu alicheka nyuma yake. Alikuwa mwanaume mrefu, ovaroli ya kijivu yenye madoa ya oili, ndoo ya maji mkononi. Jina lake Okech, fundi wa injini za boti. Karakana yake ilikuwa ufukweni, hatua hamsini kutoka pale.

"Mama, nipe kisu," alisema. Alipitisha ncha nyuma ya kifuniko cha shavu, akazungusha mara moja, kichwa kikatoka bila mkwaruzo ndani.

"Umejuaje pa kukata?" Odeta aliuliza.

"Hata injini ina mahali ambapo huruhusiwi kugusa."

"Niazime ndoo yako."

Alikizamisha kichwa majini na kuinua kifuniko kwa kidole. Matamvua, ambayo nje ya maji yalikuwa donge jekundu tu, yalifunguka. Safu nne za nyuzi nyembamba zilitanda kama manyoya, kila moja ikijitenga na mwenzake.

"Maji yanaingia mdomoni yanatokea hapa," alieleza. "Damu inachukua oksijeni njiani. Nyuzi ni nyingi ili eneo liwe kubwa."

Okech aliinama juu ya ndoo. Alikaa hivyo kwa muda ambao Mama Agutu alihudumia wateja wawili.

"Nina miaka thelathini na mmoja," alisema mwishowe. "Samaki nakula tangu niote meno. Sijawahi kumwangalia."

Odeta alimtazama upya. Watu wengi wakionyeshwa kitu kama kile husema "Mungu mkubwa" na kuondoka. Huyu alikuwa bado anahesabu nyuzi.

*

Wiki mbili baadaye Odeta alimpa Okech kazi.

Shule ya Odeta iko Nyakato, mbali na maji. Darasa lake la kidato cha kwanza lilitaka kuchunguza jambo moja ambalo wavuvi husema kila mwaka: kwamba wadudu wa ziwani, wale wadogo wasiouma wanaopanda juu ya maji kama moshi, hufuata mwezi. Kipimo kilikuwa rahisi. Beseni jeupe lenye maji ya sabuni chini ya taa ya umeme, usiku kucha. Asubuhi unahesabu walionaswa. Siku hamsini mfululizo, kuanzia mwezi mpevu. Walihitaji mtu wa ufukweni.

"Na sharti ni moja," Odeta aliliambia darasa, Okech akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Ikikosekana siku moja, tunaanza upya kutoka siku ya kwanza."

Ukutani alibandika chati yenye jina la fundi na nyota ya karatasi kwa kila siku.

Tangu hapo simu ya Odeta iliita kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu.

"Kumi na tisa, mwalimu."

"Una uhakika?"

"Mmoja alikuwa hai, akaruka nilipofika. Nimuandike?"

"Muandike pembeni."

"Na mimi umeniandika wapi?"

"Wewe bado unachunguzwa."

"Kwa siku ngapi?"

"Fundi, nina kipindi cha kwanza."

Siku ya kumi na saba, siku mbili baada ya mwezi kuandama, alipiga mapema zaidi, anahema.

"Odeta, beseni limekuwa jeusi! Nimehesabu hadi mia sita nimepotea."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Odeta alijifanya hakusikia.

"Usihesabu wote. Wachuje, watandaze kwenye karatasi, gawanya mafungu manne sawa. Hesabu fungu moja, zidisha kwa nne."

Nusu saa baadaye alipiga tena. "Elfu moja mia nne na nane. Mpenzi, hawa wote wametoka wapi?"

"Kwenye tope, chini ya ziwa. Wanaishi huko wakiwa viluwiluwi, halafu wanapanda pamoja. Juu huku wanaishi siku chache tu."

"Wamejuaje kwamba ni leo?"

"Ndicho tunachotafuta." Kisha: "Umesema mpenzi."

"Nimesema. Muandike pembeni huyo naye."

Darasa lilitabiri: kama ni mwezi kweli, wimbi la pili litatokea siku ya arobaini na saba, au siku moja kabla au baada. Odeta na Okech nao, Jumapili, walianza kupanda mawe ya Capri Point wakiwa na chupa ya chai na darubini ya shule. Alimwonyesha pimbi wakiota jua. Okech alimfundisha kutambua ukubwa wa injini kwa sauti kabla boti haijaonekana. Odeta alikosea mara tatu, akapatia ya nne, na akafurahi kuliko alivyofurahi siku ya kupata shahada.

*

Jumatatu, siku ya arobaini na tatu, mwalimu Gladness wa hisabati, aliyepanga Kirumba, aliingia ofisini akilalamika.

"Samaki wangu wote wameoza kwenye friji. Ijumaa umeme umekatika saa moja jioni, umerudi Jumamosi jua limeshachomoza. Kirumba nzima giza!"

Odeta aliacha kusahihisha. Alifungua daftari. Siku ya arobaini na moja, Jumamosi asubuhi: wadudu kumi na wanne.

Alitoka nje, akapiga.

"Usiku wa kuamkia Jumamosi, taa ya beseni iliwakaje?"

"Iliwaka vizuri tu, mpenzi. Kwa nini?"

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Okech, Kirumba yote haikuwa na umeme."

Kwenye simu ilisikika nyundo ya mtu mwingine ikigonga chuma, mara nne, mara tano.

"Wale kumi na wanne uliwatoa wapi?"

"Nilikisia. Ijumaa walikuwa kumi na watatu, nikaona hawawezi kuwa mbali na hapo."

"Ulikuwa wapi?"

"Sikuwa Mwanza. Siwezi kukuambia sasa hivi, Odeta. Nipe wiki moja."

"Sikupi hata siku moja. Umenidanganya mara mbili, na ya pili nimekuuliza kabisa."

Akakata.

Hakulia. Alikaa chini ya ukuta wa maabara akapitia ushahidi. Okech alikuwa amemwambia mambo mengi ambayo hakuna beseni la kuyapima: kwamba hana mwanamke mwingine, kwamba akisafiri humkumbuka, kwamba hakuwahi kumwita mtu "mpenzi" kabla yake. Namba moja ya uongo ikiingia kwenye daftari, namba nyingine hazigeuki kuwa uongo. Lakini msomaji hajui tena aamini ipi. Angeweza kuishi na mwanaume asiye na fedha, au asiye wa kabila lake. Asingeweza kuishi na mtu ambaye angelazimika kumhakiki kila asubuhi.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu simu haikuita. Uliingia ujumbe: "Thelathini na moja. Picha hii hapa." Odeta alihesabu kwenye picha. Walikuwa thelathini na mmoja. Hakujibu.

Darasani aliwaeleza wanafunzi ukweli: siku ya arobaini na moja haikusomwa, namba iliyoandikwa ni ya kubuni. Alipanda kwenye kiti aibandue nyota. Msichana mmoja wa dawati la mbele, Favour, akanyoosha mkono.

"Madam, kama fundi angesema hakuwepo, tungeanza upya?"

"Ndiyo. Tulikubaliana."

"Siku zote arobaini tungezitupa?"

"Ndiyo."

"Lakini hizo arobaini alizisoma kweli." Favour aliinyooshea chati kidole. "Sasa zingekuwa na kosa gani?"

Odeta alibaki juu ya kiti na nyota mkononi. Swali lilikuwa sahihi, na jibu alilijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo: hazingekuwa na kosa lolote. Nafasi moja iliyo wazi haiharibu mfululizo. Unaandika "haikusomwa" na kuendelea. Sharti la kuanza upya hakulitoa kwenye kitabu chochote. Alilitunga mwenyewe ili watoto wasizembee, akaliwekea nyota, na kwa mikono yake akafanya ukweli ugharimu siku arobaini na uongo usigharimu kitu.

"Hakuna kosa," alisema. "Kosa ni la sharti langu."

Wanafunzi hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu yeyote akisema hivyo.

Jumatano jioni alimtumia Okech maneno tisa: "Njoo kesho darasani saa nne. Njoo na daftari lako."

*

Okech alifika saa nne kasoro tano, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Daftari lilikuwa na alama za oili kwenye kila ukurasa. Kasoro mmoja, ule wa siku ya arobaini na moja.

"Tunasahihishaje kumbukumbu?" Odeta aliliuliza darasa.

"Mstari mmoja!" walijibu. "Usifute, usichane, cha zamani kisomeke! Sahihi na tarehe!"

Fundi alichukua kalamu. Alipitisha mstari mmoja juu ya kumi na wanne, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: HAIKUSOMWA. Akasaini. Kisha akawageukia.

"Namba hii niliitunga. Niliogopa mtaanza upya kwa sababu yangu. Halafu mwalimu aliponiuliza, niliogopa zaidi, nikaongeza uongo juu ya uongo. Samahanini."

"Ulikuwa wapi?" mtoto wa nyuma aliuliza.

"Shirati. Kwa mama yangu."

"Kufanya nini?" Odeta aliuliza, kabla hajajizuia.

Okech alitazama viatu vyake. "Hilo halimo kwenye sayansi, mwalimu."

"Eeeeh!" darasa zima likaitikia, na hapo hata Gladness, aliyejifanya anapita korido, aliegemea dirisha akicheka.

*

Ijumaa, siku ya arobaini na saba, darasa lilivuka kwa boti hadi kisiwa cha Saanane, Okech akiwa kwenye usukani. Beseni la asubuhi lilikuwa na wadudu mia tisa na ishirini. Saa nne unusu walikuwa wamekaa juu ya jabali, wakichora pimbi, Favour aliposema polepole, "Madam."

Magharibi mwa kisiwa, juu ya maji matupu, nguzo ilikuwa inapanda. Mwanzoni ilikuwa nyembamba kama moshi wa jiko moja. Ilinenepa, ikarefuka, ikapita urefu wa vilima, na kileleni ikapinda taratibu kufuata upepo. Nyuma yake ikainuka ya pili. Kisha ya tatu. Zilitembea juu ya ziwa zikiwa wima, na mbayuwayu walikuwa wakiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Ukingo wa ile ya kwanza ulipofika kisiwani, hewa yote ililia, sauti nyembamba isiyo na mahali inapotoka, na wadudu wakatua juu ya kurasa, mikono na kope.

Hakuna aliyepiga kelele. Watoto arobaini na wawili walikuwa wamesimama vinywa wazi, hadi walipokumbuka kuvifunga.

Odeta alijua jina la kisayansi la mdudu yule. Alijua muda anaokaa kwenye tope na idadi ya siku anazoishi juu yake. Hayo yote hayakupunguza kitu. Mabilioni ya viumbe, gizani, chini ya maji, bila kumuuliza yeyote, walikuwa wametimiza siku iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa Nyakato. Aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa Okech, na hakukumbuka ni nani alianza.

"Mama yako alisemaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Aliuliza wewe ni mtu wa wapi. Nikasema Msukuma wa Magu. Akauliza unafanya kazi gani. Nikasema unahesabu wadudu."

"Okech!"

"Halafu akauliza, 'Na wewe unamsaidia?' Nikasema kila asubuhi. Akasema basi, huyo ameshakupata." Alifuta mdudu shavuni mwa Odeta kwa kidole. "Nilitaka iwe ghafla, wazee watokee tu kwenu. Sasa nakuambia mapema, ili usije ukasikia kwa mwingine. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, mjomba wangu Obiero na wazee wawili watakuwa kwa baba yako. Kama wewe unakubali."

"Na wasipofika?"

"Acha nafasi wazi. Andika hawakufika. Sitakujazia tena."

Nguzo ya kwanza ilikuwa sasa juu yao kabisa, na jua lilipita ndani yake likiwa limekatikakatika. Odeta aliitazama hadi shingo ikamuuma.

"Nakubali," alisema. "Na hiyo usiigawanye kwa nne."

*

Jumamosi ile, Magu, alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu na akasimama nyuma ya pazia la sebule, daftari mkononi, shangazi yake Evelina akimwambia mara mbili kwamba bibi harusi hachungulii. Gari liliingia uani. Walishuka wazee watatu, na wa nne akiwa mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani na sura ya Okech, ambaye hakuahidiwa, na ambaye jambo la kwanza alilofanya ni kuinama na kuangalia kitu kilichokuwa kikitambaa juu ya ua la mlangoni.

Odeta alitazama saa. Kisha akaandika tarehe, na mbele yake: saa nne na dakika saba, wamefika wanne.

Akaweka sahihi.