Midomo ya Mkwe

Dua ilikuwa ya mama yake. Mnong'ono ule haukuwa wake.

Masikio, kama wenzake walivyozoea kumwita fundi huyo wa sauti, alivua hedifoni, akazifuta, akazivaa tena. Kwenye filamu, bibi kizee alikuwa amepiga magoti, ameipa kamera mgongo, anaomba. Chini ya dua yake kitu kingine kilikuwa kinanong'ona.

Bibi huyo aliigizwa na mama yake Masikio. Tangu wamalize kurekodi, mama alikuwa hajatamka hata neno. Madaktari walimchungulia koo, hawakuona kitu. Nyumbani kulinuka nywele zilizoungua, hata jiko likiwa baridi, na mchana kweupe kitu kilikwaruza ndani ya ukuta wa chumba chake, polepole, kama kinatafuta mlango. Kipande cha filamu kilikwisha kuzagaa kwenye simu za watu, na majirani wakakata shauri: bibi yule ndiye mchawi, tena si kwenye filamu tu. Mmoja alimvuta mwanawe asimsalimie. Mama akalia bila sauti.

"Kwani mchawi ni nani humu," Masikio aliwahi kumuuliza mwongozaji, "bibi au mkwe?"

Mwongozaji, ambaye mwenyewe ndiye aliyeigiza mkwe mpole, alicheka. "Waache wabishane, dada. Ndiyo utamu wenyewe."

Sasa Masikio alizima muziki, akarudisha picha nyuma, akamwacha bibi na kumtazama mkwe aliyesimama mlangoni na bakuli la supu, akitabasamu tabasamu lile lililowafanya watu wote wampende, na akaona midomo yake inacheza, kisha akaona kwamba inacheza katika kila tukio ambalo bibi amegeuka, na kila inapocheza mnong'ono unapanda, na harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kujaa chumbani, pale pale kazini.

Hakukimbia. Hasira iliitangulia hofu.

Alimkuta mwongozaji ofisini, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Ulimsomea nini mama yangu?"

"Punguza sauti, dada..."

"Ulimsomea nini?"

Akababaika. "Maneno tu. Mganga mmoja alinipa. Nilitaka hofu ya kweli usoni mwake. Sikujua jini lenyewe lingekuja."

"Lilipokuja ukanyamaza! Watu wanamwita mchawi, na wewe unakula sifa!"

"Aliyeliita ndiye anayeweza kuliita tena," alinong'ona. "Lakini litanirudia mimi."

"Likurudie. Ni mgeni wako."

Alimkamata ukosi hadi kwenye gari lake mwenyewe, hadi nyumbani, hadi chumbani kwa mama. Ukuta ulikuwa unakwaruza. Mwongozaji akayatamka yale maneno. Mkwaruzo ukakatika, kisha ukaanza upya kwenye dari, ukashuka upande wa pili, ukapita chini ya sakafu mpaka zulia likafutuka, ukaenda kukoma miguuni pake. Harufu ikatoweka kama mtu amefungua madirisha yote.

Mama alikohoa. Neno lake la kwanza lilitoka limekwaruzika.

"Toka."

"Mama, naomba unisa..."

"Nimekaa kimya vya kutosha. Toka nyumbani kwangu!"

Akatoka, anajikwaa. Mama akamfuata hadi kibarazani, akashika nguzo, akawageukia majirani waliokwisha kujazana. "Mnamtafuta mchawi? Huyo hapo anaondoka. Mlimpigia makofi!" Mama wa yule mtoto akainamisha kichwa.

Masikio alikuwa bado anamtazama mwongozaji. Alimwona akiingia garini, akiegemeza paji la uso kwenye usukani. Nyuma yake, kiti kitupu kilibonyea taratibu, kama mtu mzito ameketi, na mkanda ukajivuta, ukajifunga.

Dirisha la gari lilikuwa wazi. Ukelele mmoja tu ungetosha kumwonya.

Masikio alimshika mama yake mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango.