Pembe Iliyopewa Anwani

Forklifti ilianza kukoroma kabla Wivine Numbi hajatambua kwa nini. Caleb, dereva wa forklifti hiyo, alikuwa ameingiza meno ya mashine chini ya paleti tupu, akainua. Na mashine hiyo, inayobeba magunia ya unga siku nzima bila kulalamika, ikainamia mbele hadi magurudumu ya nyuma yakaacha sakafu.

"Mama Wivine," Caleb akanong'ona, "hii paleti iko vide, si iko vide? Sasa juu ya nini inalemea hivi?"

Wivine alikuwa ameshajua, na alijua kwamba kosa ni lake.

Ghala lile la chakula huko Kampemba, Lubumbashi, lilikuwa na pembe moja isiyowekwa kitu. Wenyeji waliouza kiwanja walitoa sharti hilo: pembe ile ni ya mwenye udongo, jini la mahali pale, na kila mzigo mpya ukifika nyunyizeni unga mweupe kumsalimu. Watu wa ghala walinyunyiza, Wakatoliki wote na rozari zao shingoni, wala hakuna aliyeona haya. Ndipo meneja Anaclet akaleta programu mpya. Hiyo haikukaa kwenye kompyuta ya ofisini, ilikaa kwenye wingu, huko mtandaoni. Simu yoyote ilionyesha kila gunia liko wapi, na barabara ya Kasumbalesa, kule mpakani, ikifungwa, programu yenyewe ilitafuta njia nyingine, lori jingine, ghala jingine, kabla binadamu hajamaliza kukuna kichwa. Ilifaa, tusiisingizie. Unga haukuozea tena mpakani, na wateja walipunguza matusi.

Ila haikupenda nafasi tupu. Kila mara iliagiza mizigo ipangwe kwenye ile pembe, na kila mara Wivine, mtunza ghala, aliikatalia. Akachoka. Mwishowe akaweka paleti tupu pale, akaibandika msimbo, akaidanganya programu kwamba pana mzigo. Penye jina la mzigo akaandika "Mwenyewe". Alijiona mjanja kweli. Programu ikatulia, mpaka asubuhi hii maghala yalipofurika, ikaamuru Mwenyewe ahamishiwe ghala la Likasi.

Caleb alikuwa ametii simu tu. Wivine alipopata sauti ya kumzuia, paleti ilikuwa tayari ndani ya lori, springi zimelala, na dereva ameshawasha injini. Dereva huyo alikuwa Gauthier, mume wake, baba wa mtoto wao Tracy. Alimpungia mkono akitabasamu, akaondoka. Nyuma yake ikabaki harufu ya udongo uliolowa, na mvua haijanyesha Lubumbashi tangu kiangazi kianze.

Wivine alifungua simu akamfuata mumewe kwenye ramani. Kialama cha lori kiliiacha njia ya Likasi, kikageukia upande wa Luano, kikaupita uwanja wa ndege, kikaingia mahali ambapo ramani haikuonyesha barabara wala nyumba. Akampigia.

"Papa Tracy, simama!"

"Nashindwa." Sauti ya Gauthier ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kusikiwa. "Usukani inajizungusha yenyewe. Kuko muntu nyuma, anagonga. Anauliza kwake ni wapi."

Wivine alikimbilia ofisini akamweleza Anaclet kila kitu, hata ujanja wake. Meneja alichomoa nyaya, akazima kompyuta, akazima na umeme wa ghala zima. Gizani simu zao zikaendelea kung'aa, na lori likaendelea kwenda.

"Système haiko hapa, Mama," Anaclet akasema. "Iko ku wingu. Hata tuchome depo, itaendelea."

Caleb ndiye aliyekwenda Ruashi kwa pikipiki kumleta Mama Mapalo, mganga wa ukoo uliouza kiwanja. Mama huyo alipiga magoti kwenye pembe, akaweka sikio sakafuni, akasikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mabati ya paa yalivyoanza kugongwa kutoka juu, polepole kwanza, kisha kwa hasira, kana kwamba mtu anatembea huko akitafuta mlango, na ile harufu ya udongo ikawajaa puani hadi Anaclet akatapika.

"Mulimuita mizigo," Mama Mapalo akasema. "Mulimutosha, mulimuondoa kwake. Hapa hatarudia tena. Mwenye kumuandika mizigo, ni yeye njo atamupokea."

"Nikikataa?" Wivine akauliza.

"Ataendelea na bwana yako."

Kwenye simu Gauthier alikuwa analia waziwazi sasa, akimwita mama yake. Wivine alimpenda mwanamume yule, na hofu ya kumkosa ikazizidi hofu nyingine zote. Akafuta neno Likasi, mahali pa kupokelea akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza. Mabati yakanyamaza. Ng'ambo ya simu lori likafunga breki.

"Usukani imeniachilia!" Gauthier akapiga kelele. "Wivine, imeniachilia!"

Mama Mapalo alikusanya kitenge chake na kuondoka bila kumpa Wivine mkono.

Jioni Gauthier alifika nyumbani mzima, akasema paleti ilikuwa nyepesi tena. Walikula bukari, ugali wao wa kila siku, wakiwa wamekaa karibu sana, Tracy amelala, na Wivine akaanza kuamini kwamba yamekwisha. Simu ya Gauthier ikalia. Ghala la Likasi limeona kwenye wingu kwamba mzigo upo, linauomba. Mahali pa kuuchukua: Wivine Numbi. Dereva: Gauthier.

"Hapana," Gauthier akasema. "Hapana, hapana." Akabonyeza kukataa.

Simu ikamshukuru kwa adabu, ikasema inatafuta dereva mwingine. Haikukawia. Lori lilisimama nje ya lango, na mtu wasiyemjua akaita jina la Wivine kwa upole.

Wivine alisimama, ingawa hakutaka kusimama. "Nishike, Papa Tracy," akanong'ona, "nishike, miguu haiko yangu." Gauthier akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, akajibana mezani, akaiburuta meza na sahani zake, akalia, na bado Wivine alikuwa anatembea kuelekea langoni.