Bwawa la Marudio la Ayubu

Shoga yangu Chiku si mwoga wala si mwongo. Mdomo wake tu mchafu, kama wangu. Alasiri moja wingu la masika lilitanda mpaka kukawa kiza, naye akapanda kwa Ayubu, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu huko vilimani Muheza, juu ya kisima cha Chiku. Alitaka bwawa la marudio, ule mchanga uliokwisha kuchujwa dhahabu ukabaki na zebaki, lijengewe ukingo wa maana kabla mvua haijaumwagia kisimani.

Ayubu hakutoa hata shikamoo. "Mchanga tu huo, bibi. Kanywe maji yako ulale."

"Kayanywe wewe, mwana usiye haya! Wajukuu zangu wanakunywa pale!"

Ayubu akazima karasha ili amsikie vizuri akitukana. Ndipo wote wawili wakasikia. Chini ya utando wa tope lililokauka juu ya bwawa, kitu kilikuwa kikienda polepole, pwa, pwa, kama mtu anayevuka matope ya mikokoni.

"Chura," Ayubu akasema.

"Chura gani? Si umewaua wote?"

Sauti ikapita chini ya miguu yao, ikanyamaza. Chiku akamulika tochi ya simu. Juu ya utando kulikuwa na nyayo za miguu peku, zikitoka katikati ya bwawa. Hazikuzama. Zilikuwa zimetuna kwenda juu, kama zimekanyagwa kutoka chini, kila kidole mahali pake, na ng'ambo ya ukingo udongo ulikuwa umetuna vivyo hivyo, hatua kwa hatua, kushuka kisimani.