Namba Saba ya Matiri

"Mbona unahema hivyo, Kunigunda?" Aidan aliuliza kwenye simu.

Kunigunda aliitua ndoo taratibu, maji yasije yakasikika.

"Nimepanda mlima. Kule bondeni simu haishiki."

"Pole. Niambie basi, namba saba inaendeleaje?"

Kunigunda alitazama mteremko wa kijiji chao, Matiri. Mashimo ya ngolo, kilimo cha Wamatengo, yalipangana ubavuni mwa mlima kama masega ya nyuki, na juu ya kingo zake kulikuwa na maharage ya utafiti. Yalipandwa kwa kuchelewa makusudi, ili mvua ziyaache njiani na ijulikane mbegu ipi inastahimili ukame. Ya kienyeji yalikuwa yameshanyauka. Namba saba, mbegu mpya aliyoihangaikia Aidan tangu aajiriwe kituo cha utafiti, ilikuwa kijani kibichi.

"Inaishi," alisema.

"Huku ziwani, Liuli, imekufa. Kigonsera imekufa. Wakubwa wanasema labda inapenda ngolo za Wamatengo."

"Na huku nako ingekufa?"

"Ningekuwa nimeshahamishwa mkoa mwingine. Si nilikwambia siku ya Pasaka?"

Alimwambia. Maneno hayo ndiyo yaliyombebesha Kunigunda ndoo. Yeye ndiye aliyepewa kulinda shamba la majaribio, na sharti lilikuwa moja tu: hata tone la maji lisiguse maharage. Lakini kila alfajiri, kabla ukungu haujainuka, alichota kijitoni na kumwaga ndani ya mashimo ya namba saba. Ngolo ni msiri. Jua likitoka, juu panakauka, chini mizizi inaendelea kunywa.

"Kunigunda, upo?"

"Nipo."

"Nimekukumbuka mpaka naharibu kazi. Jana nimeandika jina lako kwenye mfuko wa udongo."

"Bosi wako akasemaje?"

"Akaniuliza huo ni udongo wa aina gani."

Kunigunda alicheka peke yake mlimani. Simu ilipokatika, aliinua ndoo yake.

Nyumbani mama yake, Marselina, alimtazama miguu iliyolowa.

"Hilo shamba lina nini hata usilale? Au ni yule Mnyasa wako wa ziwani?"

"Mama!"

"Atakulisha dagaa wao wa usipa mpaka uote mapezi. Tena Mwanglikana, na sisi Wakatoliki! Kila siku simu, simu. Sura yake tunaisikia tu."

Sura ilikuja siku ya wakulima. Gari la kituo lilipanda na vumbi lake, Aidan akashuka nyuma ya wakubwa zake. Kunigunda alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Walisalimiana mbele za watu kama wasiojuana, mpaka wengine walipotangulia shambani.

"Umekonda," Aidan alinong'ona.

"Na wewe umeungua."

"Jua la ziwani. Sikiliza, tukimaliza hapa nina neno na mama yako."

"Neno gani?"

"La kwako nitakwambia baadaye. La mama kwanza."

Kunigunda aliona dunia nzima imekuwa nyepesi. Alitembea nyuma ya watu akitabasamu na ardhi.

Wakulima waliizunguka namba saba, wakageuza majani, wakahesabu maganda. Ndipo Babu Hyasinti, mzee aliyekuwa akilea wajukuu wake, aliponyoosha mkono.

"Mimi nimeamua. Ngolo zangu zote nitapanda hii. Ile mbegu yetu ya zamani niliyoweka juu ya dari, nikifika nyumbani naipika yote."

Watu wakapiga makofi. Aidan alikuwa anang'aa kama bwana harusi. Kunigunda alimtazama, kisha akamtazama mzee. Aliwajua wale wajukuu kwa majina. Aliijua na miaka ambayo mvua hukata mapema.

"Babu, usiipike," alisema.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

Alipita katikati ya watu mpaka ukingoni mwa shimo.

"Hii namba saba haijastahimili ukame. Nilikuwa naimwagilia."

Mkubwa mmoja wa kituo alicheka, akidhani ni utani. Mwenzake alimwashiria anyamaze.

"Unasema nini, dada?"

"Naimwagilia kila alfajiri. Chimbeni hapo ndani ya shimo."

Hakuna aliyesogea. Aidan alipiga goti, akazamisha mkono kwenye shimo. Ulitoka na tope. Aliutazama mkono, hakumtazama Kunigunda.

"Kwa nini?"

"Ulisema ikifa utahamishwa."

"Hee!" mama mmoja alimgonga mwenzake kiwiko. "Wengine wanapelekewa barua, yeye anapelekewa ndoo!"

Wengine walicheka. Aidan hakucheka. Alisimama, akaenda kwenye gari bila hata kunawa. Nyumbani, Marselina alikuwa amekwisha kutandika kitambaa mezani kumsubiri. Gari lilipita mbele ya nyumba yake bila kusimama.

Jioni ile Kunigunda aliandika ujumbe: "Nisamehe. Nilitaka tu ubaki karibu." Ulisomwa. Haukujibiwa.

Namba saba haikukawia kufa. Kunigunda aliendelea kuamka alfajiri, akienda kusimama shambani bila kitu mikononi. Kutoka mlima wao, siku ya hewa safi, ziwa huonekana mbali kama uzi wa bluu. Aliutazama uzi ule mpaka macho yakauma. Mahali fulani pembeni mwake kulikuwa na mtu anayepima udongo, na labda sasa anaandika majina sahihi.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipoanza, mama yake alimfuata katikati ya mibuni na bakuli la uji.

"Kunywa. Umebaki macho tu."

"Sina hamu, mama."

"Ungenyamaza siku ile, ungekuwa na mume."

"Na Babu Hyasinti?"

Marselina alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Angekuwa na njaa," alisema. "Haya, kunywa, mwanangu."

Siku moja Kunigunda akiwa juu kabisa ya shamba la kahawa, simu iliita. Aliliona jina, kikapu kikamponyoka.

"Kunigunda."

"Aidan."

Kunigunda alisikia upepo wa ziwani ukipuliza kwenye simu.

"Nimeripoti," Aidan alisema. "Matokeo ya Matiri yamefutwa yote."

"Wamekuhamisha?"

"Bado. Wamenipa msimu mmoja. Tunaanza upya hapo hapo, na mbegu nyingine."

"Ulinichukia?"

"Nilikasirika sana. Kisha nikajiuliza: imekufa Liuli, imekufa Kigonsera, mimi nikaamini Matiri ni muujiza. Kwa nini sikuja kuchimba mwenyewe? Kwa sababu na mimi sikutaka ife. Wewe ulisema ukweli mbele za watu. Mimi nilikimbilia kwenye gari."

Kunigunda alifuta uso kwa kiganja kilichonata utomvu wa kahawa.

"Safari hii nitalinda vizuri. Sitagusa hata tone, naapa."

"Hapana. Nimewaandikia kwamba wewe hufai kulinda."

Aliokota kikapu chake. "Sawa. Nimestahili."

"Hujanielewa. Kituo hakiruhusu mtafiti kumpa kazi mke wake."

Matawi ya kahawa yalitulia. Hata ndege walitulia, au ni yeye aliyeacha kusikia.

"Mke gani?" aliuliza kwa sauti isiyo yake.

"Hilo wameenda kuliuliza baba mdogo na shangazi yangu. Wamepanda gari la asubuhi. Nilikatazwa kukupigia mpaka wamalize, lakini nimeshindwa. Kama hutaki, waambie kwa upole tu, shangazi ana presha."

Kutoka chini, karibu na nyumba, sauti ya Marselina ilipanda mlima mzima:

"Wee Kunigunda! Acha hizo kahawa, uje upesi! Kuna wageni kutoka ziwani, wamejaa benchi zima na hawataki kusema walichofuata mpaka wakuone!"

"Kunigunda?" Aidan aliuliza. "Unalia?"

"Kata simu, Aidan," alisema, akiwa ameshaanza kuteremka. "Naitwa nyumbani."