Nusu ya Pili ya Wimbo wa Shetani

Jumapili asubuhi, siku ya mwisho ya matanga, mama Simone alikuta karatasi ya wimbo ya marehemu mumewe imekatwa kwa wembe. Fremu ilikuwa palepale ukutani, nyumbani kwao mtaani Kamalondo. Juu, shetani mwenye pembe alikuwa bado anamburuta msichana mwenye dhambi. Chini, nusu ya maneno haikuwepo.

Jirani yao Léonard, mpelelezi mstaafu, aliitazama kwa muda mrefu. Karatasi hiyo ya wimbo ilichapwa Uingereza karne nne zilizopita, kwa Kiingereza ambacho marehemu peke yake alikielewa humu. Padri mmoja alimpa marehemu, mwalimu Katongo, naye akautafsiri. Kila Jumamosi watoto wa mtaa, Léonard akiwemo, waliuimba sebuleni humu, wakitetemeka na kucheka huku karanga zikinukia jikoni. Msichana anaapa uongo, shetani anamshika mkono, anazama naye motoni. Basi.

Léonard alianza kumuuliza pasteur Mwaba, mchungaji aliyehubiri kwamba picha ile inaita mapepo.

"Kama ni miye, ningechoma shetani," pasteur alijibu. "Mbona shetani iko pale?"

Fils, mpwa wa marehemu, muuza vitu vya kale, alikuwa ameahidiwa na Simone kuichukua Jumatatu. Alifura kwa hasira. "Nilitaka kuiuzisha nzima, kaka Léonard! Nusu, nani atainunua?"

Mwizi, basi, alitaka maneno tu.

Jikoni, Léa, binti wa marehemu aliyetoka mji wa Sakania kwa msiba, alikuwa akisonga bukari, ugali wa matanga, mama yake kando.

"Unakumbuka ule wimbo?" Léonard aliuliza.

"Nani atausahau? Unaogopesha, mpaka shetani anaachilia mukono, musichana anarudia nyumbani kwabo."

"Léa, niliuimba humu utoto wote. Hakuna mutu alirudia. Ulisikia wapi?"

Mwiko ulisimama.

"Ku hopitali," Léa alisema. "Wakati nilibeba mimba, papa alinifukuza, akiniimbia wimbo ule, niko ku mulango. Kabla ya kufa akaniita, akaniimbia kipande ya pili. Akasema, 'Ilikuwa pale siku zote, mutoto wangu. Niliificha kwa sababu nilipenda muogope.'" Akaitoa karatasi kifuani. "Kesho Fils angeibeba. Niliogopa kukuomba, mama. Ungesema papa hawezi kuomba musamaha."

Simone aliipokea, akayakodolea macho maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Kweli, ningesema vile."

Akairudisha mkononi mwa bintiye, akavuta kigoda karibu na moto.

"Nilizeeka na ye, na hakunifundisha ile. Imba, mutoto wangu. Polepole, niyashike maneno."