Kaka Yangu Alikuja na Shoka Kwenye Jengo la Baba

Saa nne asubuhi, jua linawaka, kaka yangu wa tumbo moja alishuka kwenye gari na shoka mkononi.

Akaja mbio moja kwa moja nilipo mimi...

"Lucius, una wazimu?"

Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sikusikia kitu. Mashine ya kupuliza mchanga ilikuwa inanguruma uchochoroni, na fundi Tyree yuko juu ya jukwaa, kofia imemfunika uso mzima.

Lucius akanisukuma. Nikaanguka chali kwenye magunia ya mchanga. Akanyanyua shoka, akalishusha kwenye mpira wa mashine kwa nguvu zake zote.

Paaa!

Mpira ukakatika. Jamani, ule upepo usiombe ukutane nao. Mpira ukaanza kujirusha kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ukanipata mdomoni. Nikatema meno mawili.

Sasa wewe unayesoma, ungefanyaje?

Mimi niliokota koleo la kuchotea mchanga.

Pigo la kwanza lilimpata begani. Akageuka, mikono juu, anapiga kelele sijui za nini. La pili nilimpiga usoni.

Hapo ndipo Tyree alipoizima mashine. Kukawa kimya. Kaka yangu amepiga magoti kwenye mchanga mwekundu, ameziba jicho la kulia, na damu inapita katikati ya vidole.

"Ardella," akasema, "umenipofua."

Sikumwonea huruma. Msinihukumu bado, sikilizeni kwanza.

Baba alituachia jengo la ghorofa tatu hapa St. Louis, Marekani, matofali matupu, la mwaka 1892. Chini alikuwa anakarabati samani, juu ndiko tulikozaliwa. Limechoka. Paa linavuja, mihimili imeoza. Mwekezaji mmoja alitaka kulinunua alibomoe, aweke maegesho ya magari.

Mimi nikasema thubutu. Nikagundua kwamba jengo la kihistoria likikarabatiwa kwa masharti ya serikali, unapata nafuu kubwa ya kodi. Benki ikaniambia kama ombi la nafuu hiyo litapita, mkopo watatoa. Lisipopita, nisiwasumbue.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwenye lile ombi. Likikwama, jengo la baba linakwenda na tingatinga.

Fomu ya kwanza, ya kuthibitisha kwamba jengo ni la kihistoria, tulisaini wote wawili, ikapita. Halafu mwekezaji akapandisha bei, na Lucius akageuka.

"Tuuze, Ardella. Mimi naendesha lori usiku na mchana, mgongo umekwisha."

"Uza figo yako."

Hayo tuliambiana kwenye chakula cha kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha baba, mbele ya mchungaji. Lucius alinirushia bakuli la saladi ya viazi. Mimi nilimrushia kiti. Mashemasi wanne ndio waliotutenganisha. Nikamblock kwenye simu siku hiyohiyo.

Nikaijaza fomu ya pili peke yangu, ile ya kueleza ukarabati. Wakanijibu kwamba afisa wao, Bi Rosalind Kemper, atakuja kukagua baada ya wiki mbili, na nisiguse kitu mpaka aje.

Lakini jamani, mgeni anakuja kukuangalia nyumba, utamwacha akute kuta nyeusi kwa masizi ya makaa ya miaka mia? Mama yangu angefufuka anichape. Watu wa hapa tunaringia matofali yetu mekundu. Nikamwita Tyree na mashine yake, apulize mchanga kuung'oa ule weusi. Tukaanza na ukuta wa uchochoroni, kesho yake tuhamie mbele.

Ndipo likaja lile shoka.

Polisi walipofika niliwaambia ukweli niliokuwa naujua. Kwamba kaka yangu anataka kuniharibia ombi ili auze. Wakamfunga pingu akiwa kwenye machela. Tyree akapakia mashine yake iliyokatwa mpira, hakurudi tena. Nikasimama mlangoni na kitambaa mdomoni, nikaona raha. Ndiyo, raha, sitawadanganya.

Bi Kemper akaja siku yake ilipofika. Mama mfupi, viatu vya kazi, tochi kiunoni. Alipofika uchochoroni akasimama, akapitisha kidole kwenye tofali lililong'aa. Likamwagika unga.

"Ni wewe uliyefanya hivi?"

"Mimi, mama. Nimekusafishia."

Akafumba macho kidogo.

"Dada, tofali la zamani lina ngozi yake, imekomaa tanurini. Mchanga umeichuna. Sasa maji yataingia, na barafu ya Januari italipasua. Hili ni kosa la kwanza kabisa kwenye masharti yetu."

Nikatazama ule unga kidoleni mwake.

"Kwa hiyo ombi limekufa?"

Akazunguka mpaka mbele, akautazama ukuta mzima, mweusi vilevile.

"Ungegusa huku mbele, ningefunga faili leo hii. Uchochoroni tunaweza kuzungumza. Shukuru kwamba kaka yako aliwahi."

"Kaka yangu?"

"Alinipigia simu ofisini asubuhi ile. Alitaka kuondoa jina lake kwenye ombi. Katika kulalamika akasema amepita hapa akaona dada yake ameleta mashine ya mchanga. Nikamwambia kila dakika inayopita mnapoteza jengo. Akasema hupokei simu zake. Nikamwambia aende mwenyewe, aizime hiyo mashine kwa namna yoyote."

Jamani...

Nilikaa chini palepale kwenye lami.

Lucius angenyamaza tu, mimi mwenyewe ningeliua lile ombi kwa mkono wangu, na yeye angeuza. Hakuhitaji shoka. Hakuhitaji hata kuamka kitandani.

Nilienda polisi kufuta mashtaka, kisha nikaenda kwake. Bi Kemper alitaka fomu irekebishwe, na safari hii isainiwe na wamiliki wote wawili. Alinifungulia mlango akiwa na bandeji. Jicho walishalitoa. Leseni ya lori nayo imekwenda.

Nilipiga magoti kibarazani.

"Kaka, kwa nini hukunyamaza tu?"

"Nilitaka tuliuze jengo la baba," akasema. "Sikutaka nikuone unalichuna ngozi."

"Nisamehe."

"Lete karatasi."

Akaiweka ukutani, akasaini taratibu, maana kwa jicho moja umbali ulikuwa unampotea. Kalamu ilikosa mstari mara mbili.

"Niingie, Lucius? Nikupikie hata supu."

Akanirudishia karatasi.

"Hiyo nimesaini kwa ajili ya baba. Wewe usirudi hapa."

Akafunga mlango. Nikasikia kitasa, halafu na komeo.

Ombi limepita. Mafundi wanaanza paa Jumatatu. Nimepata jengo, sina kaka.

Wewe uliyemblock ndugu yako, mfungue leo. Msikilize hata kama unajua atakutukana. Mimi jana nimempigia mara kumi na moja, na sasa ni yeye aliyeniblock.