Kiganja Kimoja cha Ngano

Wenzangu, kuna nyumba ambazo mtu huzijua kwa harufu kabla hajauona mlango. Nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya namna hiyo. Chumba cha mbele kilikuwa cha mwoka mikate, na cha pembeni, kilichotengwa kwa pazia tu, kilikuwa cha mkewe, mshonaji. Asubuhi mume alitoa mikate tanurini, mke akaendesha cherehani, na huku wakitaniana kupitia lile pazia. Mke alisema mikate ya leo imepinda kama mguu wa meza mbovu. Mume alijibu kwamba mkate uliopinda huliwa, ila gauni lililopinda hurudishwa na mwenyewe akiwa amenuna. Wateja walichelewa kuondoka makusudi, ili wawasikilize.

Utulivu huo ulivurugwa na tumbo. Mke alianza kujaa gesi kila alipokula, kisha akaharisha, kisha akawa mtu wa kuchoka kabla siku haijaanza. Alijikaza kisabuni, lakini magauni yake yalimsema. Mume alipochungulia pazia alimkuta na pini mdomoni, akipunguza gauni lake mwenyewe, na baada ya muda akalipunguza tena lile lile. Majirani wakatoa utabibu wao wa bure: huyu akasema ni minyoo, yule akasema ni mawazo.

Mwishowe walikwenda hospitali. Daktari, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipima damu, akachunguza na utumbo, kisha akawaeleza taratibu. Ndani ya ngano, na ndani ya shayiri pia, mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachoufanya unga ulioloweshwa uvutike na mkate usimame. Kwa watu wengi hakina neno. Kwa mama huyu kilikuwa kinamchubua utumbo kila kilipopita, na dawa yake ni moja: kuacha ngano na shayiri maisha yote, hata chembe.

Hebu fikirini. Mke wa mwoka mikate! Habari ilipofika mtaani watu walivunjika mbavu, kana kwamba ugonjwa umechagua nyumba kwa utani. Mwokaji hakucheka. Alimpenda mkewe kwa moyo wote, na hilo naliweka wazi mapema, kwa sababu tutakapofika mbele mtataka kumchukia.

Alizunguka sokoni akanunua kila unga usio wa ngano: mtama, wimbi, mchele, muhogo, dengu. Mikono yake iliyozoea kazi ikawa mikono ya mwanafunzi. Mtama ulinukia vizuri lakini ukapasuka. Mchele ulitoka mkavu, unasagika mdomoni kama mchanga. Muhogo uliiva nje, ndani ukabaki kama raba. Mke alikula yote, akasifu yote. Na alianza kupata nafuu, siku nyingine akimaliza gauni zima bila kujilaza.

Kisha kaka zake mke wakaja kuwatembelea. Mwokaji akaweka mezani mkate wake mpya, akachukua kisu, na mkate ukamwagika kwenye sinia kabla hajaukata nusu.

"Shemeji," akasema kaka mkubwa, "huu ni wa kula au wa kupigia lipu?"

Walicheka, tena bila ubaya wowote, na mke naye akacheka. Mwokaji alicheka nao, lakini uso ulikuwa umemshuka. Tangu aingie katika kazi ile hakuna mtu aliyewahi kuucheka mkate wake kwa kweli.

Haukupita muda, akawa amesimama mbele ya bakuli la mtama na mchele, anakanda kitu kisichotaka kushikana. Pembeni gunia la ngano lilikuwa wazi. Akajiambia kiganja kimoja tu, ili ushike. Bakuli kubwa namna ile, kiganja kimoja kitamfanya nini mtu mzima? Mkono ukaenda wenyewe.

Mkate ulisimama. Mke alikata kipande, akakikunja, hakikuvunjika. Machozi yakamtoka.

"Umeweza, mume wangu," akasema. "Ile mingine nilikuwa najilazimisha. Sikutaka kukuvunja moyo."

Kosa lenyewe angeweza kulikiri siku ile ile, lakini ile shukrani ilimfunga mdomo. Kesho yake akatia kiganja kingine, na keshokutwa vivyo hivyo. Mke, kwa kuwa sasa mkate ulikuwa mtamu, akawa anakula kuliko wakati wowote, na kuwasimulia wateja wake kupitia pazia jinsi mumewe alivyo bingwa.

Ugonjwa ukarudi. Pini zikarudi mdomoni. Mwokaji aliona yote, msidhani hakuona. Alijaribu kupunguza, akatia nusu kiganja, mkate ukapasuka, akarudisha. Akajidanganya kwamba labda ni maji, labda ni maharage, labda ni ile baridi ya asubuhi. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi labda.

Walirudi kwa daktari. Damu ikapimwa upya.

"Mama, damu yako inaonyesha bado unakula ngano," daktari akasema.

Mke akanyooka kitini. "Haiwezekani, daktari. Mkate wangu anauoka mume wangu kwa mkono wake. Ananiogopea kuliko ninavyojiogopea mwenyewe."

Daktari akamtazama mume. Mume akaitazama sakafu. Basi daktari akasema kwamba kama kweli ngano haiingii, itabidi watafute ugonjwa mwingine, mbaya zaidi, katika hospitali kubwa, na huenda akaanzishiwa dawa kali zenye madhara yake. Akawaomba wasubiri nje kidogo.

Walikaa kwenye benchi. Mke alikuwa mwepesi mno kando yake, benchi hata halikulia. Akaweka mkono juu ya goti la mumewe ili amtulize yeye, yeye aliye mzima.

"Usiogope," akasema. "Ikiwa ni kufa, nitakufa nimeshiba mkate wako."

Hapo ndipo mwokaji alipovunjika. "Mke wangu, nilitia ngano."

Mke hakuelewa. "Lini?"

"Tangu kaka zako walipokuja. Kiganja kimoja. Kila siku."

Ule mkono ukaondoka gotini polepole. "Hata siku ile niliyolia?"

"Siku ile ndiyo ya kwanza."

Mke akainuka kwenda chumba cha daktari peke yake. Mwokaji, na hapa nampa haki yake, alimfuata akaingia, akayasema yote mwenyewe mbele ya wote wawili. Daktari hakumgombeza. Alimwambia mama kwamba utumbo utapona ukiachwa upumzike, akafunga jalada.

Nyumbani pazia likawa kimya. Mke alinunua jiko dogo na sufuria yake, akawa anajipikia wali na maharage upande wake. Alimsalimu mumewe kwa adabu, kama anavyomsalimu mteja. Heri angemfokea. Mwokaji alioka mikate ya mtaa mzima, na yule aliyetamani kumlisha kuliko wote hakugusa hata mmoja.

Hakuomba asamehewe haraka. Alisafisha stoo ya nyuma, mbali na vumbi la ngano linalopeperuka chumba cha mbele, akapaka kuta chokaa. Akanunua bakuli jipya, chekeche jipya, ubao mpya wa kukandia, na jiko dogo la kuokea. Hakuingia mle kabla hajaoga na kubadili nguo. Alijaribu unga huu na ule, na mikate iliyobomoka aliila mwenyewe kwa chai.

Siku moja mke alisimama mlangoni mwa stoo. Alimtazama akikanda unga usioshikana.

"Unga wako hauna gundi," akasema. "Utotoni tulikuwa tunagundishia karatasi kwa uji. Pika uji mzito wa muhogo, uupoze, ndipo uukandie unga humo."

Mwokaji aliweka bakuli chini. "Basi ingia. Kila kinachoingia bakuli hili kitie wewe kwa mkono wako. Mimi nitakanda tu."

Ndivyo walivyofanya. Mke alipima mtama na mchele, akaongeza uji uliopoa, mayai, hamira na chumvi. Mume alikanda, na kwa mara ya kwanza alihisi ule unga ukimshika vidole. Mkate uliotoka haukuwa mrefu kama wa ngano. Ulikuwa mfupi, mweusimweusi, unanukia mtama. Mke alikata kipande, akakikunja, kikapinda bila kuvunjika. Hakukitia mdomoni. Alimtazama mumewe usoni.

"Naweza kula?"

"Unaweza," mume akasema, na safari hii hakuangalia sakafu.

Akala.

Kupona hakukuja kwa pupa. Kaka zake walipokuja tena, yule mkubwa aliugeuza mkate akasema ni mfupi. Mwokaji akamjibu kwamba ni mfupi kweli, na kwamba dada yake anapona, basi ale. Kaka akala, akaomba wa kubeba nyumbani.

Kisha ikafika asubuhi ambayo mwokaji alichungulia pazia akamkuta mkewe bila pini mdomoni. Ameshika kisu kidogo cha kufumulia, gauni lake liko magotini, na anafumua mshono mmoja baada ya mwingine, yote ile aliyolipunguzia.

"Linanibana," mke akasema bila kuinua macho. "Halafu mkate wako wa leo umepinda kama mguu wa meza mbovu."

Mwokaji alitaka kumjibu habari ya magauni yanayorudishwa. Badala yake akashika pazia, akalia.

Mafunzo

Ndugu zangu, mtu wa nyumbani kwako akisema chakula fulani kinamdhuru, mwamini hata kama wewe unakila na kunawiri. Usimcheke, usimjaribu, wala usimfichie humo "kidogo tu" ukidhani hatajua. Mwili wake utajua. Ngano iko katika vitu vingi, na vipo vyakula vingi visivyo nayo vinavyoweza kushibisha nyumba nzima. Ni suala la kujifunza na kuvumilia mikate michache inayobomoka. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujashukuriwa. Mgonjwa anayekula kutoka mkononi mwako ameweka maisha yake mkononi mwako. Nawa mkono huo vizuri.